Kuona Kilicho Nyuma ya Ngozi

Mtu akiambiwa kwamba kitu fulani hakionekani, jambo la kwanza analolidhani ni kuwa kitu hicho kiko gizani, au kwamba kimezuiwa na ukuta. Fikira hiyo ni ya kawaida, na mara nyingi ni ya kweli. Aliye nyuma ya mlango uliofungwa haonekani kwa kuwa ubao umeizuia nuru. Kilichoanguka kisimani usiku hakionekani kwa kuwa nuru haipo. Lakini iko namna ya tatu ya kufichika ambayo haisemwi sana, nayo ni hii: nuru ipo, tena nyingi, na ukuta haupo, walakini nuru imepotezwa njia hata haiwezi kutuambia imetoka wapi. Mwili wa mwanadamu umefichwa kwa namna hii ya tatu. Nataka, msomaji, tuifikiri pamoja, kwa sababu ndani yake limo swali lisilo la sayansi peke yake. Mtu anapotazama ndani ya mwili wa mwenziwe kwa ala, na ala ikampa jibu, je, ameona, au amekisia? Na ikiwa amekisia, ana deni gani kwa yule aliyetazamwa?

Tuanze jikoni, maana jikoni pana mafunzo mengi kuliko watu wasemavyo. Tia mafuta ya nazi katika bilauri uyatazame: ni maangavu, na kidole chako wakiona upande wa pili. Tia maji katika bilauri nyingine: nayo ni maangavu. Sasa ikune nazi ukamue tui. Tui ni maji na mafuta, vitu viwili viangavu, lakini lenyewe ni jeupe kama karatasi, wala kidole hukioni tena. Weupe huo umetoka wapi? Hakuna aliyelitia chokaa. Umetoka katika kuchanganyika. Mafuta yamekatikakatika kuwa matone madogo yasiyohesabika, na kila mwale wa nuru ukifika kwenye mpaka wa tone na maji hupindwa kidogo. Tone la pili huupinda tena, na la tatu, na la elfu. Mwale haukumezwa, umetawanywa. Mpishi akilichemsha tui hilo mpaka mafuta yakajitenga, uangavu wa mafuta hurudi, kwa sababu haukuwa umepotea bali ulikuwa umechanganyikiwa.

Nyama ya mwili ni ndugu ya tui. Imejengwa kwa maji, mafuta, nyuzi na vijumba vidogo vya uhai, na aghalabu ya vitu hivyo, kila kimoja peke yake, ni kiangavu au karibu na kuwa kiangavu. Vikikaa pamoja huipinda nuru mara nyingi mno. Chembe ya nuru iingiayo mwilini hupotoshwa njia kabla haijasafiri hata milimita moja, na baada ya milimita moja hivi imekwisha kusahau upande iliotoka. Kwa hiyo mkono wako hauko gizani. Mchana wa jua kali umejaa nuru ndani yake kama chumba chenye madirisha. Lakini nuru hiyo yarandaranda kama mtu aliyezungushwa macho yakiwa yamefungwa kitambaa.

Kwamba maneno haya si mfano wa mdomoni tu kulithibitishwa Septemba 2024, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walipotangaza kwamba wamepaka ngozi ya panya kwa maji yaliyokolezwa rangi ya manjano iitwayo tatrazini, rangi ambayo hutiwa katika vyakula na vinywaji, na ngozi ikawa angavu kwa muda hata viungo vya ndani vikaonekana. Rangi ile iliyafanya maji ya mwili yapinde nuru karibu sawasawa na mafuta, na mipaka ikafutika. Ilipooshwa, ngozi ikarudi kama kwanza. Yalikuwa majaribio ya panya, si ya watu, wala simshauri mwanafunzi yeyote kujipaka rangi ya vyakula kwa tamaa ya kuliona ini lake.

Basi, ikiwa nuru hupita, kwa nini hatuoni chochote? Usiku ukizima taa na kuziba mdomo wa kurunzi kwa vidole vyako, utapata nusu ya jawabu. Vidole vitawaka wekundu. Kurunzi ilitoa nuru nyeupe, yenye rangi zote za upinde wa mvua. Iliyotoka upande wa pili ni nyekundu peke yake. Nyingine zimemezwa na damu, ambayo hupenda sana kumeza kijani na buluu. Utaona pia kwamba mfupa hauonekani, ijapokuwa umo mle mle kati ya kurunzi na jicho. Nyekundu imepita, lakini imepita kwa kuzungukazunguka, na katika mzunguko huo sura ya mfupa imefutika.

Watu wa Wasini wana mwalimu mwingine wa jambo hili, naye ni bahari. Kisiwa hiki kiko mkabala wa Shimoni, katika Kaunti ya Kwale. Hakina gari hata moja, na mkondo wa maji ulio baina yake na bara ndio barabara yao kuu. Masika yakikaza, Mto Ramisi na Mto Umba huteremsha udongo baharini, na maji ya pwani hii huwa kama chai ya maziwa; mvua zikipita na maji yakitulia, mzamiaji wa Kisite huona matumbawe chini kana kwamba yamewekwa katika kioo. Lakini hata katika maji safi kabisa bahari hula rangi, nayo hula kinyume cha damu: humeza nyekundu kwanza na kuacha buluu. Mzamiaji akijikwaruza katika kina kirefu huona damu yake ni ya rangi ya kijani. Nyama huila buluu ikasaza nyekundu. Bahari huila nyekundu ikasaza buluu. Kila pazia lina rangi yake inayoruhusiwa kupita, na mtu mwenye busara hulichungua pazia kwanza kabla ya kuchagua taa.

Wataalamu walipolichungua pazia la mwili waligundua kwamba rangi ipitayo kwa wepesi zaidi haionekani kwa macho. Jicho letu huona nuru ambayo mawimbi yake yana urefu wa takriban nanomita 400 mpaka 700. Baada ya 700 huanza nuru ya infraredi. Kati ya nanomita 650 na 950 hivi damu hula kidogo, na maji bado hayajaanza kula sana. Pale ndipo penye dirisha la mwili. Dirisha hilo lilitafutwa zamani hata kabla ya kujulikana vipimo vyake. Mwaka 1929 daktari Max Cutler alieleza jinsi alivyoyatazama matiti ya wagonjwa kwa taa kali katika chumba chenye giza, akitafuta vivuli vya uvimbe. Mwaka 1977 Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke alionyesha kwamba infraredi iliyo karibu na nyekundu hupita hata katika fuvu la kichwa, ikaweza kuleta habari za oksijeni ya ubongo.

Lakini kupenya si kubainisha. Nuru iliyopenya na kurudi ni nyingi, nayo imetoka kila mahali. Hapo ikatafutwa hila ya pili, na katika hila hiyo bahari ilisaidia tena. Viko vitu ambavyo vikipigwa na nuru ya rangi moja hutoa nuru ya rangi nyingine, iliyo dhaifu kidogo na iliyo karibu zaidi na nyekundu. Ni kama mtu apewaye shilingi 100 akajiwekea 10 na kurudisha 90. Jambo hilo huitwa fluoresensi. Matumbawe mengi yana tabia hiyo. Mzamiaji akiyamulika usiku kwa taa ya buluu na kuvaa kioo cha manjano, huona miamba iliyokuwa kimya mchana ikiwaka kijani na nyekundu. Mwaka 1962 Osamu Shimomura alitoa katika kiwavi wa baharini protini ing'aayo kijani, na kwa kazi iliyotokana na protini hiyo yeye, Martin Chalfie na Roger Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008. Mwaka 1999 wataalamu wa Urusi walitangaza protini nyekundu iliyopatikana katika kiumbe wa jamaa ya matumbawe. Wekundu ule ulifurahiwa sana, na sababu yake, msomaji, umekwisha kuijua: nyekundu hutoka nyamani, kijani humezwa.

Hospitalini rangi itumiwayo zaidi kwa kazi hii ni dawa iitwayo indosiyanini ya kijani, ambayo matabibu wameijua tangu miaka ya 1950. Mgonjwa hudungwa kidogo mshipani. Mpasuaji hummulika kwa nuru ya nanomita 800 hivi, na dawa hujibu kwa nuru ya 830 hivi. Mbele ya kamera huwekwa kichujio kinachoikataa nuru iliyotumwa na kuikubali iliyojibu peke yake. Katika soko lenye makelele ya watu 1,000 huwezi kusikia mazungumzo ya mtu mmoja. Lakini akikuita kwa jina lako utageuka. Ndivyo dawa hii iitavyo. Mpasuaji huona katika kioo mishipa ya damu inayopitisha damu na isiyopitisha. Huona njia ya nyongo, asije akaikata. Huona tezi ambamo maji ya mwili hupita yakitoka kwenye uvimbe. Baada ya dakika chache ini huanza kuiondoa dawa hiyo katika damu. Ni kazi ya kupendeza, na mimi, ambaye nilifunzwa ualimu wala si utabibu, siwezi kuifikiri bila kustaajabu.

Sasa tulirudie swali letu. Mpasuaji yule ameona nini? Ameona wingu la nuru. Kitu kidogo kilicho karibu na ngozi, na kitu kikubwa kilicho ndani zaidi, vyaweza kuleta mawingu yanayofanana. Zaidi ya sentimita moja hivi ndani, sura huvurugika hata kitu kimoja na vitu viwili huwa vigumu kupambanuliwa. Tena tazama kile ambacho nuru imesema kwa hakika. Tezi iliyong'aa imesema neno moja: maji yatokayo kwenye uvimbe hupita kwangu. Haikusema: nina saratani. Neno hilo la pili hutafutwa kwa kuikata tezi na kuitazama kwa hadubini. Mpasuaji anayelisikia neno la kwanza akaandika la pili hakudanganywa na nuru. Nuru ilitoa ushahidi wa kweli, yeye akaongeza wake. Mahakama yoyote nzuri hutenga alichokiona shahidi na alichokidhania. Kioo cha hospitali hakitengi. Huleta picha iliyopakwa rangi, ing'aayo, yenye mpaka, na macho yetu yameumbwa kuamini chenye mpaka.

Nimekaa juu ya jambo hili kwa sababu liko karibu nawe kuliko unavyodhani. Kamera za wapasuaji ni ghali na ziko katika hospitali kubwa. Lakini ala ndogo kabisa ya jamaa hii yamkini umeivaa wewe mwenyewe: ile klipu inayobana ncha ya kidole na kuandika asilimia ya oksijeni ya damu. Huitwa oksimita. Haitumii dawa ing'aayo, bali hutumia dirisha lile lile la mwili. Hutuma nuru mbili, moja nyekundu ya nanomita 660 hivi na moja ya infraredi ya 940 hivi. Damu yenye oksijeni na damu isiyo nayo huzila nuru hizi kwa kadiri mbalimbali, na Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyegundua, katika mwaka 1974 au kabla yake kidogo, kwamba ukiifuata ile sehemu inayopandashuka kwa mapigo ya moyo waweza kuipambanua damu ya mishipa itokayo moyoni na nyama nyingine yote. Maisha ya watu wengi mno yameokolewa na fikira hiyo.

Umeona namba 97 katika kioo chake. Imetoka wapi? Wengi hudhani kuwa ala imeihesabu oksijeni kama mtu ahesabuvyo machungwa. Sivyo. Kwa kuwa nuru imerandaranda kidoleni, hakuna awezaye kujua kwa hesabu tupu ilisafiri njia ya urefu gani. Ala hulinganisha nuru mbili ikapata uwiano, kisha hulitazama jedwali lililomo ndani yake: uwiano huu, namba hii. Na jedwali lilifanywaje? Walichukuliwa watu wazima wenye afya waliojitolea, wakavutishwa hewa yenye oksijeni pungufu, damu yao ikatolewa mshipani na kupimwa, na uwiano wa nuru katika vidole vyao ukaandikwa kando ya kipimo cha damu. Kwa hiyo kidole chako hakipimwi peke yake. Hulinganishwa na vidole vya watu usiowajua, waliolala kitandani katika nchi nyingine, nawe huambiwa: wewe ni kama wao.

Nao walikuwa kina nani? Kwa sehemu kubwa walikuwa watu wenye ngozi nyeupe. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, na melanini hula nuru, tena huila nyekundu zaidi kuliko infraredi. Mwaka 1990 Amal Jubran na Martin Tobin, waliokuwa wakiwachunguza wagonjwa mahututi huko Marekani, waliandika kwamba namba 92, iliyotosha kuwa salama kwa wagonjwa weupe, haikutosha kwa weusi; kwa hao ilihitajiwa 95. Neno hilo lilichapishwa, likasomwa, likawekwa kabatini. Mwaka 2020, wakati wa Korona, ala hii ilipokuwa ikiamua ni nani alazwe na ni nani arudishwe nyumbani, Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walilichungua tena. Waliwachukua wagonjwa ambao oksimita iliwapa namba kati ya 92 na 96, namba zisizotisha, wakatazama damu yao ilisema nini. Katika vipimo vya weupe asilimia 3.6 vilionyesha kwamba oksijeni ilikuwa kwa kweli chini ya 88. Katika vya weusi, asilimia 11.7. Ala iliwaambia watu wengine kuwa wazima hali wanakosa hewa, na ilifanya hivyo karibu mara 3 zaidi kwa watu wa rangi moja kuliko kwa wa rangi nyingine.

Hapa ndipo penye swali zito la uadilifu, nami sitaki tulipite mbio. Je, kuna hatia katika kosa lisilo na nia? Hapana mtu aliyeketi akasema, na tutengeneze ala itakayowadanganya watu weusi. Nuru haina chuki. Melanini ni kitu cha asili. Waliojitolea walijitolea kwa wema. Mtu anaweza kuipitia kila hatua ya kazi ile asikute hatua hata moja yenye ubaya, na hata hivyo mwishoni mgonjwa amelala na kioo kinamwambia tabibu kuwa hali si mbaya.

Mimi nasema tuyatenge makosa mawili. Mwenye duka ambaye pishi yake imebonyea bila yeye kujua si mwizi, ijapokuwa wanunuzi wamepunjika. Wakimjia atawarudishia na mambo yatakwisha. Lakini jirani akimwonyesha bonyeo kwa kidole, akalitazama, akaendelea kupimia mchele kwa pishi ile ile mwaka mzima kwa kuwa wanaopunjika hawana sauti, jina lake limebadilika, wala hakuhitaji kuwa na chuki na mtu ili libadilike. Kati ya 1990 na 2020 ni miaka 30. Mwongozo uliotolewa mwaka 2013 na mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na ala za tiba ulitaka kwamba katika watu wanaojaribiwa, ambao wangeweza kuwa 10 tu, wenye ngozi nyeusi sana wasipungue 2 au asilimia 15. Januari 2025 mamlaka hiyo hiyo ilitoa rasimu mpya, ikipendekeza watu 150 au zaidi wa ngozi za kila namna. Tofauti ya 2 na 150 haikuletwa na ugunduzi mpya wa sayansi. Maarifa yalikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kwa sauti kubwa ni nani hayumo chumbani.

Tena liko jambo jingine linalohusu nuru hii, ambalo pwani ya Waswahili ina neno lake zuri: sitara. Nuru ya infraredi haionekani wala, kwa kiasi kitumiwacho, haisikiki mwilini. Mtu anayechomwa sindano anajua kwamba anachunguzwa, na anaweza kuuondoa mkono wake. Anayemulikwa kwa nuru asiyoiona hajui. Ala za aina hii zinavyozidi kuwa ndogo na rahisi, ndivyo inavyozidi kupasa kumwambia mtu kabla ya kummulika, na kumweleza kilichoonekana pamoja na kisichoonekana. Waganga wa zamani walibisha hodi kabla ya kuingia chumbani mwa mgonjwa. Ngozi nayo ni mlango.

Yamkini utanijibu kwamba, ikiwa ala hukosea hivyo, heri itupwe. La, hasha. Jicho la mtu nalo hukosea, tena zaidi. Ugumu wa kuiona midomo na kucha zikigeuka buluu katika ngozi nyeusi ulikuwa na madhara yake tangu zamani, na oksimita iliyo na kosa la namba 3 au 4 bado ni msaada mkubwa kwa muuguzi asiye na kitu kingine. Ninachokikataa si ala; nakikataa kiburi cha namba. Anayejua kwamba namba ni kisio ataiuliza zaidi: ataipima tena, ataitazama inapanda au inashuka, ataweka kando yake mambo mengine aliyoyaona. Asiyejua ataiandika na kwenda zake. Ala ni moja, kidole ni kimoja, lakini wa kwanza amemtazama mgonjwa, wa pili amekitazama kioo.

Wala si lazima jedwali liandikwe mbali daima. Mwaka 2018 Brian Gitta, kijana wa Uganda mwenye umri wa miaka 24, alishinda tuzo ya uhandisi kwa Afrika inayotolewa na chuo cha wahandisi cha Uingereza, kwa ala aliyoibuni na wenziwe huko Kampala. Waliipa jina la Kiswahili, Matibabu. Hubanwa kidoleni, hutuma nuru nyekundu na kutumia sumaku, ikitafuta dalili za malaria bila kutoa damu. Gitta mwenyewe aliwahi kuugua malaria ambayo vipimo vya damu vilishindwa kuitambua kwa haraka. Wakati wa tuzo ala hiyo ilikuwa bado katika majaribio, nami sidai kwamba nuru yake imelishinda pazia. Naitaja kwa sababu vidole vya waliokuwa wakiijaribu ni vya rangi ya vidole vyetu, na malaria waliyoitafuta ni ile ile ambayo watafiti wa Msambweni wameihangaikia kwa miaka mingi.

Sasa fanya, msomaji, kwamba ni usiku wa kusi hapo Wasini. Mama ameleta zahanati mtoto wa miaka miwili mwenye kikohozi na homa. Muuguzi ambana kidole, na kioo chaandika 92. Kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, mtoto aliye chini ya 90 anahitaji oksijeni. Huyu yuko juu. Bahari imechafuka, mkondo una mawimbi, na ng'ambo ya Shimoni bado iko safari ya barabara mpaka hospitali ya Msambweni. Nahodha akiamshwa bure atalalamika, na mashua katika upepo ule ina hatari zake. Namba yasema kungoja kunawezekana.

Muuguzi haindoi klipu. Aipangusa kidole kwa kitambaa, aibana tena, angoja mapigo yatulie: 92, kisha 91. Amfunua mtoto shati, na kwa saa ya mkononi ahesabu pumzi kwa dakika nzima. Zatimia 54, na kwa mtoto wa umri huu 40 zatosha kuwa dalili. Aangalia chini ya mbavu, ambapo ngozi yaingia ndani kila avutapo hewa. Ageuza mdomo wa chini autazame kwa kurunzi upande wa ndani, ambako rangi ya ngozi haifichi kitu. Kisha amwambia mama, kwa maneno mepesi, kile ambacho klipu imesema na kwa nini yeye hatosheki nacho, na amtuma kijana mbio akamgongee nahodha mlango.